Kahawa Tungu na Swali Lililonichukua Miezi Minane

Pendekezo langu la kwanza la utafiti wa uzamili lilirudishwa likiwa na maneno matatu tu ya wino mwekundu juu ya ukurasa wa kwanza: "Swali liko wapi?" Nilikasirika, kwa sababu kwenye ukurasa uo huo nilikuwa nimeandika maswali manne, kila moja na alama yake ya kuuliza, chini ya kichwa nilichokitunga kwa siku mbili na kukiona kinafaa hata kupigwa chapa kwenye jalada: "Athari za Kiswahili Sanifu kwa Lahaja ya Kimvita Mjini Mombasa". Nilikwenda ofisini kwa msimamizi wangu na karatasi mkononi kama mtu anayerudi dukani na risiti kudai chenji yake. Mwalimu aliyasoma maswali yangu kwa sauti, moja baada ya jingine, kisha akavua miwani. "Mwanangu," akasema, "haya umeyavisha alama ya kuuliza, lakini ndani yake ni taarifa. Majibu unayo tayari. Unachotafuta ni watu wa kukuunga mkono."

Sikumwelewa siku hiyo, na nikiri kwamba sikumwelewa mwezi uliofuata pia. Nayaandika haya kwa sababu wanafunzi wanaokuja nyuma yangu huniuliza kuhusu mbinu za utafiti, hojaji, uchanganuzi wa data na namna ya kuandika sura ya tatu, na ni nadra mmoja wao kuniuliza habari za swali lenyewe, ilhali katika miezi minane niliyoipoteza hakuna hata mmoja uliopotea kwa sababu ya mbinu. Yote ilipotea kwa kuwa nilishika njia kabla sijajua naulizia nini.

Maswali yale manne kila moja lilikuwa na ugonjwa wake. Nililolipenda zaidi lilisema: "Kwa nini vijana wa Mombasa wanaidharau lahaja yao?" Mimi ni mzaliwa wa Kibokoni, katika Mji wa Kale wa Mombasa, nimelelewa na shangazi ambaye hadi leo husema "mato" pale wengine wanaposema "macho", "mtele" kwa "mchele" na "ndoo" kwa "njoo", na nimeshuhudia wadogo zangu wakimjibu kwa Kiswahili cha redioni. Kwangu dharau ilikuwa dhahiri. Mwalimu alinipa zoezi dogo ambalo tangu siku hiyo nimelitumia kwa maswali yangu yote na ya wenzangu: aliniambia nifute maneno "kwa nini" na nisome kinachobaki. Kilichobaki kilikuwa ni "Vijana wa Mombasa wanaidharau lahaja yao." Hilo ni dai zito, na hapakuwa na mtu aliyelithibitisha, mimi nikiwa wa kwanza kutolithibitisha. Nilikuwa namwuliza mtu sababu za kuchelewa kabla sijatazama saa. Huenda wadogo zangu hawaidharau lahaja kamwe. Huenda hawaijui, au wanaijua na wanaihifadhi kwa ajili ya mahali pengine ambapo mimi sipo. "Kwa nini" ni swali halali, ila lina haki ya kuulizwa pale tu jambo lenyewe limekwisha kuonekana na kupimwa.

Swali la athari lilinifundisha jambo jingine, na hapa nilidhani nina ushahidi wa kutosha, kwa sababu historia ilikuwa upande wangu. Ilikuwa ni papa hapa Mombasa, mwaka 1928, ambapo mkutano wa wawakilishi wa nchi za Afrika Mashariki zilizokuwa chini ya Waingereza uliafiki kwamba Kiunguja ndicho kiwe msingi wa Kiswahili Sanifu, na Kamati ya Lugha iliyoundwa kwa ajili ya kazi hiyo ikaanza rasmi tarehe 1 Januari 1930. Kimvita, lahaja ya mji ulioupokea mkutano huo, kikabaki nje ya vitabu vya shule. Niliyaandika hayo kwa uchungu wa mwenyeji, kurasa tatu nzima, nikadhani swali limejijibu. Mwalimu akanirudishia kurasa hizo na hoja moja: tangu 1928 hadi leo ni karibu miaka mia moja, na katika miaka hiyo kumepita shule, redio, televisheni, simu, ndoa za watu wa makabila mbalimbali, na maelfu kwa maelfu ya watu waliokuja kufanya kazi bandarini. "Umejuaje kwamba ni Kiswahili Sanifu kilichofanya hivyo na si mume wa Kisauni aliyeoa mke wa Machakos?" Neno "athari" hubeba ndani yake sababu na matokeo, na mtu akilitia kwenye swali lake amejitwika mzigo wa kuvitenganisha visababishi vyote hivyo. Mwanafunzi mwenye mwaka mmoja na kinasa sauti kimoja hauwezi mzigo huo. Nimeona tasnifu nyingi zenye neno "athari" kwenye jalada na ambazo ndani yake hakuna athari iliyopimwa. Ni neno linalopendeza masikioni, basi.

Mawili yaliyobaki hayahitaji maneno mengi. "Je, Kimvita kinakufa?" ni sitiari, na sitiari haina kipimo mpaka useme ni dalili gani utakayoihesabu kuwa kifo. "Nini kifanyike kukiokoa?" ni mada ya khutba, na khutba ina mahali pake.

Kisha kulikuwa na "vijana wa Mombasa". Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,208,333 katika kaunti hii, kuanzia Jomvu hadi Likoni, kutoka Changamwe hadi mwisho wa Kisauni, na sehemu kubwa yao wametoka katika nyumba ambazo lugha ya jikoni ni Kigiriama, Kidigo, Kikamba, Kitaita, Kijaluo au nyingine yoyote. Kijana wa Mikindani ambaye babake alihamia hapa kufanya kazi ya reli hakuwahi kuwa na Kimvita hata akitupe. Nilikuwa nawashtaki watu kwa kupoteza mali ambayo haikuwa yao.

Basi nikapunguza. Hapa ndipo wengi wetu hukosea kwa namna ya pili, na ni kosa la heshima zaidi, kwa hiyo hugunduliwa kwa kuchelewa. Tunaambiwa swali letu ni pana, nasi tunalipunguza kama fundi anayekata shati la mtu mzima ili limwenee mtoto: mabega yanabaki pale pale. Toleo langu la pili lilisema: "Vijana wa Mji wa Kale wana mtazamo gani kuhusu lahaja ya Kimvita?" Mahali palikuwa pamepungua, watu walikuwa wamepungua, na neno "mtazamo" lilikuwa na sura ya kitaaluma. Mwalimu hakulipinga. Nadhani alichoka, au labda aliona kwamba kuna mambo ambayo mtu hana budi kuyalipia kwa fedha zake mwenyewe.

Nikatayarisha hojaji, nikatoa nakala sitini, nikazigawa kwa vijana niliowajua na wale waliojulikana nao. Kipengele cha kwanza kiliuliza, "Je, unazungumza Kimvita?" na chini yake kulikuwa na visanduku vya "kila siku", "mara nyingi", "mara chache" na "sizungumzi". Mmoja wa vijana hao, rafiki wa binamu yangu, aliijaza mbele yangu akiwa ameegemea pikipiki yake. Kalamu ilisita juu ya visanduku, akainua uso, akaniuliza kwa nia njema kabisa: "Kaka, hapa niweke 'mara nyingi' ama 'kila siku'? Ipi itakufaa?"

Nilimwambia aweke ile iliyo kweli. Akaweka "kila siku", akanirudishia karatasi, na mazungumzo yote tuliyokuwa nayo kabla na baada ya hapo hayakuwa na neno hata moja la Kimvita.

Zilizorudi zilikuwa hivyo hivyo. Karibu kila mtu alizungumza Kimvita, karibu kila mtu alikipenda, na hakuna hata mmoja aliyekidharau. Isitoshe, kulikuwa na ila ambayo mtu wa lugha kama mimi alipaswa kuiona tangu mwanzo. Kimvita kina t mbili. Ile ya kuteka maji hutamkwa ulimi ukigusa ufizi, na ile ya "kuteka" yenye maana ya kucheka hutamkwa ulimi ukigusa meno. Masikio ya shangazi yangu hayawezi kuzichanganya, lakini hati yetu ya kawaida huziandika kwa herufi moja. Nilikuwa nimetumia karatasi kutafuta kitu ambacho karatasi haikionyeshi.

Nilikwenda kwa Mwalimu nikiwa nimenyong'onyea, nikamweleza kwamba vijana wamenidanganya. Alisema hawakunidanganya. "Umeuliza mtazamo, wamekupa mtazamo. Wakasirikia nini?" Nikanyamaza, maana nilikuwa naona kwa mara ya kwanza kwamba hamu yangu na swali langu vilikuwa vimeachana njia zamani. Nilichotaka kujua ni wanavyosema, na nilichouliza ni wanavyojiona. Nililiandika swali la mtazamo kwa sababu lilikuwa jepesi kulitafutia hojaji, na hojaji niliichagua kwa sababu kila mtu darasani alikuwa anatumia hojaji. Mbinu ndiyo iliyozaa swali, badala ya kinyume chake.

Mwalimu aliniambia nikae maktaba kwa wiki tatu bila kuandika neno, na nisitafute waandishi wanaokubaliana nami. Katika kusoma kwangu kwa mwanzo nilikuwa nawinda nukuu: hapa fulani anasema lahaja zinapotea, pale mwingine anasema vijana wamebadilika, na kila nukuu niliipanga kama tofali. Sasa nilisoma nikitafuta pale ambapo mwandishi ameishia. Tofauti za lahaja zetu zilikwishaandikwa zamani, C. H. Stigand alichapisha kitabu kizima juu yake mwaka 1915. Mizizi ya sauti zenyewe, na namna t ya meno ya lahaja za kaskazini inavyolingana na ch ya Kiunguja, imechambuliwa na Derek Nurse na Thomas Hinnebusch katika kitabu chao kikubwa cha 1993 kuhusu historia ya Kiswahili na lugha za Kisabaki, yaani kundi la lugha za pwani ambamo Kiswahili kimo. Kumbe sura mbili za pendekezo langu, ambazo nilizionea fahari, zilikuwa zikiwaeleza wasomaji mambo yaliyokuwa maktabani tangu zamani. Nilisikitika kidogo, kisha nikapata nafuu, maana nilijua sasa ni wapi nisichimbe.

Lakini aliyenigeuza hasa hakuandika neno juu ya Kiswahili. William Labov, Mmarekani, alitaka kujua kama matamshi ya watu wa New York yanafuata ngazi za jamii. Hilo ni swali pana kama bahari. Alichofanya, mwishoni mwa 1962, ni kuingia katika maduka matatu makubwa, moja la matajiri, moja la watu wa kati na moja la wanyonge, na kuwauliza wafanyakazi mahali ilipo bidhaa ambayo yeye mwenyewe alijua fika kwamba iko ghorofa ya nne. Kwa Kiingereza maneno hayo mawili, yaani "ghorofa" na "ya nne", yote yana r, na ni r hiyo aliyokuwa akiiwinda. Mtu akishajibu, Labov alijifanya hakusikia ili lirudiwe kwa msisitizo, kisha alijitenga kando na kuandika alichosikia. Alipata watu 264 kwa njia hiyo, na hapakuwa na hata mmoja aliyeulizwa ana mtazamo gani kuhusu r.

Niliisoma habari hiyo mara mbili, nikafunga kitabu. Kilichonishangaza si ujanja wake, ingawa nilicheka peke yangu. Ni kwamba swali lake halikuwa dogo. Jamii nzima ya New York ilikuwa ndani yake, lakini alikuwa amelipatia mlango mdogo wa kupitia, sauti moja katika maneno mawili. Mimi nilikuwa nimepunguza nyumba badala ya kutafuta mlango.

Mlango wangu niliupata barazani, na sikuwa nimeutafuta. Ilikuwa baada ya magharibi, mtaani kwetu, mahali ambapo muuza kahawa huweka dele lake la shaba juu ya makaa na vijana hukaa kwenye baraza la nyumba ya jirani hadi usiku. Nilikwenda kupumzika. Kijana mmoja, nisiyemjua jina ila kwa sura, alinyoosha mkono kumwelekea muuza kahawa akasema, "Ami, nitilie tungu hapa." Kikombe kikajazwa. Akapiga funda, akawageukia wenzake kuendeleza kisa alichokuwa akisimulia: "Nimecheka mpaka macho yaniwasha."

Tungu, yaani chungu, halafu nimecheka, halafu macho, yote ndani ya nusu dakika na kutoka kinywa kimoja. T ya meno ilikuwa katika kahawa na haikuwa katika kicheko wala katika macho. Ningekuwa bado nina swali langu la kwanza, nisingesikia kitu, maana lilinitaka nisikie dharau au mapenzi. Hata swali la pili lisingenisaidia. Nilichukua simu nikaandika maneno matatu, na pengine wenzangu walidhani najibu ujumbe.

Hazikupita dakika kumi akaja mzee wa nyumba hiyo na simu yake ndogo mkononi, imeletewa namba za umeme. Akamkabidhi kijana yule yule. "Nisomee, mato yangu ya karibu yamekwisha." Kijana akazisoma tarakimu ishirini polepole, mzee akizirudia, kisha akamrudishia simu akitabasamu: "Mato yako mazima, Ami, simu ndiyo ndogo." Mzee akaondoka. Kisa kikaendelea, na macho yakarudi kuwa macho.

Nilirudi nyumbani sikulala mapema. Kesho yake nilikuwa mlangoni kwa Mwalimu kabla hajafika, na nilipomaliza kumsimulia hakugusa kalamu nyekundu. Aliniuliza jambo ambalo hadi leo nalihesabu kuwa kipimo bora cha swali la utafiti kuliko vyote nilivyosoma: "Ukichunguza na ukakuta kwamba vijana hawabadiliki hata kidogo mbele ya mzee, utakuwa na cha kuandika?" Nikafikiri. Ndiyo, ningekuwa nacho, kwa sababu itabidi nieleze basi yale maneno machache ya t yanaishi wapi. Na wakibadilika, ninacho pia. Swali langu la dharau halikuwa hivyo. Jibu moja tu lingeniridhisha, na hilo jingine lingekuwa ni kushindwa kwangu.

Hata hivyo hakunihurumia. Nilikuwa nimeongeza kwa furaha kwamba vijana husema "Ndia Kuu" na si "Njia Kuu", kama ushahidi kwamba Kimvita kimo vinywani mwao. Akaniambia Ndia Kuu ni jina la barabara, limo kwenye ramani, na mtalii aliyeshuka jana kwenye treni atalitamka vivyo hivyo bila ya kuwa na lahaja yoyote. Nikauliza, basi na kahawa tungu je? "Hilo ndilo la kufikiri," akasema. "Ni neno la lahaja, au limekwisha kuwa jina la bidhaa? Yule kijana akila dawa atasema ni tungu au ni chungu?" Sikujua. Na yale "mato yako mazima": je, kijana alibadili lugha kwa heshima ya mzee, au alilirudia tu neno alilolisikia sekunde moja kabla, kama tufanyavyo sote tunapojibu salamu? Sikujua pia. Niliondoka ofisini na mambo matatu nisiyoyajua, na kila moja niliweza kusema kwa dhati ni wapi na vipi ningelitafuta. Nilikuwa nimepewa maana ya swali tangu siku ya kwanza, kwa maneno mengine, ila wakati huo yalikuwa hayajanikuta.

Kuandika sentensi yenyewe kulichukua wiki sita. Najua ni muda mrefu kwa sentensi moja. Toleo lililokubaliwa lilisomeka hivi: "Vijana wa kiume wa Mji wa Kale wanaokutana barazani hutumia t ya meno ya Kimvita katika maneno gani wanapozungumza wao kwa wao, na matumizi hayo hubadilika vipi mzee wa mtaa anapoketi nao?" Si sentensi ya kupendeza. Lakini kila neno lililo ndani yake lilipiganiwa. "Wa kiume" liliingia kwa aibu: nilikuwa nimeandika "vijana" tu, na shangazi yangu, ambaye hajasoma isimu lakini anajua hesabu ya watu, aliponisikia nikisoma aliuliza, "Na wasichana wakaa baraza gani?" Mimi mwanamume siwezi kuingia na kinasa sauti jikoni kwa watu wala kwenye ukumbi wa wanawake siku ya harusi, na huenda huko ndiko Kimvita kilikojaa. Kwa hiyo ama nitafute mwenzangu mwanamke wa kufanya kazi hiyo, ama niseme waziwazi nimemwacha nani nje. Bajeti ilinichagulia la pili. "Wanaokutana barazani" lilikuja kwa sababu si kila kijana wa Mji wa Kale hukaa baraza, na wale wa baraza huenda wakawa ndio wenye lahaja zaidi. Bora msomaji ajue hilo kutoka kwenye swali kuliko kuligundua kwenye hitimisho. "Katika maneno gani" lilichukua nafasi ya "kwa kiasi gani", baada ya mimi kukumbuka kahawa: kiasi kingeniletea asilimia moja ya jumla iliyochanganya tungu na macho katika kapu moja, na ule utengano ulionileta hapo ungepotea.

Neno "hubadilika vipi" badala ya "kwa nini hubadilika" lilikuwa agizo la Mwalimu, nami sikubisha. "Kwa nini" ingengoja zamu yake.

Kujaza fomu za maadili ya utafiti, kazi ambayo wanafunzi huiona kama foleni ya kupanga tu, kulinisaidia kuliko nilivyotarajia. Fomu iliuliza ni nani nitakayemrekodi, atajuaje kwamba anarekodiwa, na sauti yake itahifadhiwa wapi. Ujanja wa Labov wa kujifanya kiziwi nisingeuweza, kwa kuwa mimi ningenasa sauti za watu wakisimulia mambo yao, na ilikuwa lazima kila mmoja aniridhie kwanza. Lakini mtu akijua anarekodiwa hujirekebisha. Labov mwenyewe aliliandikia jambo hilo, kwamba tunataka kujua watu wanasemaje wasipochunguzwa, na hatuna njia ila kuwachunguza. Nililijibu kwa kukubali kwamba nitakaa jioni nyingi hadi kifaa kizoeleke, na jioni za mwanzo sitazihesabu. Hilo nalo likabana swali: sikuweza tena kuahidi mabaraza matano. Nilibaki na mawili.

Jaribio la kwanza nililifanya kwenye baraza lile lile. Wote walikubali, mzee akiwemo, ambaye aliniuliza iwapo sauti yake itakwenda redioni na akaonekana kuhuzunika kidogo nilipomwambia haitakwenda. Muuza kahawa alipitisha vikombe, kashata ikazunguka, na baada ya muda kifaa kikasahaulika pale kwenye ukuta. Nilikaa nao, nikachangia mazungumzo kama kawaida yangu, nikaona mambo yamekwenda vyema.

Usiku nikavaa vipaza sauti vya masikioni nikaanza kunakili. Dakika ya kumi na mbili mzee anafika, na sauti ya kwanza kubadilika haikuwa ya kijana yeyote. Ilikuwa yangu. Dakika mbili nyuma nilikuwa nimemwambia jirani yangu afungue macho. Mzee alipoketi nilimwuliza hali ya mato yake, kwa t ya meno safi kabisa, kabla yeye hajatamka neno. Waliomjibu baada yangu walinifuata. Niliisikiliza sehemu hiyo mara nyingi, nikirudisha nyuma na kusonga mbele, nikijaribu kujiridhisha kwamba nimesikia vibaya.

Asubuhi nilimpelekea Mwalimu nakala ile, na swali likiwa limeongezwa maneno matatu kwa kalamu ya risasi baada ya "anapoketi nao": "mtafiti akiwa kimya". Alilisoma, akauliza kama nina hakika nitaweza kukaa kimya jioni nzima barazani kwetu. Nilimwambia nitanunua kahawa nyingi.